Hasi Mara Hasi

Mtu akifika miaka arobaini na sita, kazi anayo, mume anaye, watoto wameshaota mbawa, watu hutarajia atulie. Mwalimu Kanuni hakutulia. Aliomba ruhusa ya masomo, akanunua begi la mgongoni kama la wanafunzi wake, akaenda chuo kikuu kusomea hisabati. Hisabati tupu, tena, si ualimu wa hisabati wala hisabati na kitu kingine pembeni. Shemeji yake alimwuliza kama amekosa la kufanya. Mume wake, muuguzi asiyependa maneno mengi, alisema tu, "Mwacheni. Kila mtu na wazimu wake, na huu angalau hauna kelele."

Jina la Kanuni alipewa na watoto wa shule ya msingi aliyofundisha kwa miaka ishirini na moja. Kila alipoandika jambo ubaoni alilipigia mstari mara mbili, akageuka, akasema, "Hii ni kanuni. Kanuni haiulizwi." Na darasa zima likaitikia, "Inakaririwa." Alijua fika kwamba wanamwita hivyo wakiwa nje, na moyoni alilipenda jina lenyewe. Watoto wake walifaulu, hilo tusimnyang'anye. Wazazi walihangaika kuhamishia watoto wao kwenye mkondo wake. Lakini yeye mwenyewe alikuwa na kiu ya siku nyingi. Alitaka kujua hisabati inakwenda wapi baada ya kitabu cha darasa la saba kufungwa.

Barua ya ruhusa ilikuwa na aya tatu. Ya tatu ndiyo iliyomweka roho juu: akishindwa somo lolote la lazima katika mwaka wa kwanza, arudi kituoni kwake na nafasi apewe mwingine. Kwa umri wake barua ya pili isingekuja. Alijua, na aliyeiandika alijua.

Somo lililomtoa jasho liliitwa Misingi ya Hisabati. Kwa kusikia jina tu alidhani atateleza kama kambare. Misingi si ndiyo aliyokuwa akiijenga kila siku ya Mungu, asubuhi mpaka mchana, mbele ya watoto sitini? Mhadhiri alikuwa kijana mwembamba ambaye angeweza kuwa mwanawe wa kwanza, mwenye mashati yanayompwaya na sauti ya mtu anayepisha wengine mlangoni. Wanafunzi walimwita Kwa Nini, maana hakuna aliyewahi kumsikia akiuliza swali jingine.

Siku ya kwanza alibandika ukutani karatasi yenye sentensi tisa.

"Haya ni makubaliano yetu," alisema. "Moja mara namba yoyote ni namba ile ile. Namba ukiijumlisha na hasi yake unapata sifuri. Mabano yanafunguliwa hivi. Na mengine, jumla tisa. Haya hatuulizani. Kingine chochote mtakachosema humu ndani, hata kama bibi yako anakijua, nitakuuliza kwa nini."

Mtihani wake nao ulikuwa wa mdomo na chaki. Mwanafunzi anaingiza mkono kwenye kopo kuukuu la biskuti, anatoa kikaratasi chenye dai moja, anapewa dakika kumi za kufikiri, kisha anasimama ubaoni kulithibitisha mbele ya wenzake. Ruksa kutumia yale tisa tu, na ulichokwisha kukithibitisha mwenyewe. Ukishindwa unarudi baada ya wiki mbili na kikaratasi kile kile. Ukishindwa tena, ndiyo imetoka hiyo.

Zamu yake ilipofika, Mwalimu Kanuni alikunjua kikaratasi chake akacheka kwa sauti. Kiliandikwa: hasi mara hasi ni chanya. Akaona hii ndiyo ile bahati ya mtende kuota jangwani. Watoto wangapi amewafundisha jambo hili? Elfu moja? Zaidi. Hata zile dakika kumi hakuzitumia.

"Jamani," aliliambia darasa kwa sauti yake ya kazini, "adui wa adui yako ni nani?"

Mazoea ni kama sheria. Vijana wa chuo kikuu, wenye ndevu na simu za bei mbaya, waliitikia kwa pamoja, "Ni rafiki yako."

"Basi. Hasi ni adui. Adui wa adui ni rafiki. Hasi mara hasi ni chanya." Akapiga mstari mara mbili, akaweka chaki chini, akakung'uta mikono.

Kwa Nini alisubiri kidogo, kama anayedhani kuna kinachoendelea. Kilipokosekana, akauliza, "Kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini namba ziwe na maadui?"

Darasa likacheka. Mwalimu Kanuni alijikohoza. Alitafuta neno, na neno lililokuja lilitoka lenyewe, kwa njia yake ya kila siku. "Ni kanuni."

"Ya ngapi?" Kijana aliinyooshea mkono karatasi ya ukutani.

Aliisoma kuanzia ya kwanza mpaka ya tisa, kisha akairudia kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. Halikuwamo.

"Wiki mbili, Mwalimu," alisema Kwa Nini kwa upole. Angemgombeza ingekuwa nafuu.

Aliyemwonea huruma alikuwa jirani yake wa kiti, binti wa miaka kumi na tisa mwenye miwani minene, ambaye kama wengine wote darasani alimwita Bi Mkubwa. Jioni ile ile Miwani alimletea karatasi.

"Bi Mkubwa, huu hapa uthibitisho wote. Mistari sita. Kariri tu, yaishe."

Kukariri kwa Mwalimu Kanuni kulikuwa kama kupumua. Kesho yake asubuhi mistari sita ilikuwa kichwani, na nukta zake. Miwani akajifanya mhadhiri, akaketi juu ya meza, akakunja nne. Mstari wa kwanza ukaenda, wa pili ukaenda. Kwenye wa tatu Miwani akasema, "Kwa nini?" na Mwalimu akasimama. Akarudi mstari wa kwanza aje nao upya, kama mtoto aliyekatizwa katikati ya shairi. Wakajaribu tena mara nne, na mara zote nne aliangukia pale pale.

"Labda hatauliza hapo," alisema Miwani, na hata yeye mwenyewe hakuyaamini maneno yake.

Wiki ile ukumbi wa nje ya darasa lao ulikuwa unawekwa vigae vipya. Wanafunzi walipita juu ya mbao, viatu mkononi, wakinung'unika. Siku ya tano Mwalimu Kanuni alikuwa akipita hivyo hivyo, midomo ikicheza na ile mistari sita, aliposikia sauti kutoka chini karibu na miguu yake.

"Mwalimu, shikamoo."

Fundi vigae alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na saba hivi, amepiga magoti juu ya kipande cha godoro, saruji imemfika viwikoni.

"Marahaba. Tunafahamiana?"

"Mimi nakufahamu. Darasa la saba, mwaka ule upepo ulipoezua paa. Nilikuwa nakaa karibu na mlango. Baadaye ukanihamishia nje ya mlango." Akacheka bila kinyongo. "Mbona. Ndivyo mlivyokuwa mkiniita."

Mwalimu akakumbuka, na kumbukumbu ile haikumpendeza. Mtoto mwembamba, mkono juu muda wote. Mwalimu, mbona hasi mara hasi inakuwa chanya? Mbona hasi kujumlisha hasi inabaki hasi? Siku ya kwanza alimjibu kwa adui wa adui. Siku ya pili mtoto akarudi: na adui wa adui yangu akiwa ananichukia na mimi, je? Darasa zima likaangua kicheko. Siku ya tatu alipoinua tena mkono, Mwalimu alimsimamisha nje wiki nzima ya vipindi vya hesabu, na mwisho wa muhula akamwandikia kwenye ripoti kwa wino mwekundu: "Hisabati: hana uwezo. Anasumbua wenzake." Lakini tuseme kweli. Mtoto uwezo alikuwa nao. Mwalimu ndiye aliyekuwa hana jibu.

"Ulikuja kuendelea na shule?" aliuliza, akiogopa kusikia.

"Wapi! Nilimpelekea baba ripoti, akaisoma, akasema kichwa kimekataa, basi mikono itakulisha. Na kweli imenilisha, nina vibarua watatu." Alikigonga kigae kwa nyundo ya mpira, akaweka pima maji juu yake, akachungulia, akagonga tena kidogo. "Wala usiwaze, Mwalimu. Ulikuwa sahihi, hesabu hazikuwa zangu. Hata binti yangu, yuko darasa la tano, hazimwingii. Nimemwambia asijisumbue, ni ukoo."

Mwalimu Kanuni alisema, "Haya, kazi njema," akaenda zake. Siku nzima ile mistari sita haikumjia kichwani. Neno ukoo ndilo lililokaa mahali pake.

Kesho yake alijitafutia sababu ya kupita tena, akaketi juu ya mfuko wa saruji uliokuwa haujafunguliwa na daftari mapajani, eti anasoma. Fundi alikuwa amefika mbele ya ngazi, akibishana na kibarua wake, mwanamume mtu mzima aliyevaa kofia ya sufi na jua lote lile.

"Hapa ni vigae kumi kwa kumi," alisema kibarua. "Mia. Upande huu tunaacha mstari mmoja wa mfereji, toa kumi. Upande ule tunaacha mstari mmoja wa ngazi, toa kumi. Nikalete themanini."

"Lete themanini na moja."

"Fundi, mia toa ishirini ni themanini. Hata mtoto anajua."

"Njoo hapa." Fundi alimvuta mkono mpaka kwenye kona. "Mstari wa mfereji unaishia wapi? Hapa. Na wa ngazi? Hapa hapa. Kigae cha hii kona ni kimoja. Ulipotoa mstari wa kwanza ulikitoa. Ulipotoa wa pili ukakitoa tena. Utatoaje kitu kimoja mara mbili? Umetoa kupita kiasi, sasa kirudishe."

Kibarua aliitazama kona, akahesabu kwa vidole, akavua kofia akajikuna. "Themanini na moja," alisema, akaenda kuvileta.

Mwalimu Kanuni alikuwa ameshasimama. Alifungua daftari, akaandika: kumi toa moja, mara kumi toa moja. Yaani tisa mara tisa, themanini na moja, hilo halina ubishi. Akayafungua mabano. Kumi mara kumi, mia. Kumi mara hasi moja, toa kumi. Hasi moja mara kumi, toa kumi tena. Na mwishoni, peke yake, hasi moja mara hasi moja. Bila hiyo ya mwisho unabaki na themanini na hesabu imekudanganya. Lazima iwe moja, na lazima iwe ya kuongeza. Ni kigae cha kona, kinachorudishwa kwa sababu kilitolewa mara mbili.

Miaka ishirini na moja alikuwa akisema jambo hili na leo ndiyo mara ya kwanza kuliona. Alifurahi mpaka akataka kupiga kelele, na papo hapo akaona aibu mpaka akataka kujificha. Alirudi kuketi juu ya saruji akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Yule mtoto aliyesimamishwa nje ya mlango alikuwa mbele yake, amepiga magoti, na jibu la swali lake alikuwa akilitumia kila siku kuhesabia vigae, bila kujua kwamba ndilo.

Ungedhani angemwambia hapo hapo. Hakumwambia. Kibarua alikuwa karibu, wanafunzi walikuwa wakipita, na ulimi ulikuwa mzito.

"Kwa hiyo utamwambia lini?" aliuliza mume wake jioni, akivua viatu vya kazini.

"Mtihani ukiisha. Na sijui nitamwambiaje. Mwalimu haombi radhi kwa mwanafunzi."

"Nani kasema?"

"Ni ka..." Akanyamaza. Mume wake alimtazama, wote wawili wakacheka, ila kicheko cha Mwalimu kilikatika mapema.

Siku ya kurudi ubaoni, darasa lilijaa kuliko kawaida. Vijana walikuwa wamekuja kumwona Bi Mkubwa akiokoka au akizama. Miwani aliketi mstari wa mbele, amekunja vidole.

Mwalimu Kanuni alianza kwa kuchora mraba, kumi kwa kumi, akafuta mstari mmoja huku na mmoja kule, akaeleza habari ya kona. Kuna waliosema aah kwa chini chini. Kwa Nini alitikisa kichwa.

"Umenionesha kwamba kwa kigae kimoja sakafu yako inatimia. Mfano si uthibitisho, Mwalimu."

"Najua, baba. Kigae kimenionesha mahali pa kuchimba. Sasa naanza kuchimba."

Akafuta ubao wote. Akaandika mstari wake wa kwanza, na haukuwa wa Miwani: moja kujumlisha hasi moja ni sifuri. "Makubaliano ya nne," alisema kabla hajaulizwa. Akazidisha pande zote mbili kwa hasi moja. Upande wa kushoto akafungua mabano, "makubaliano ya tisa," akapata hasi moja, kujumlisha hasi moja mara hasi moja. Upande wa kulia, hasi moja mara sifuri, akaandika sifuri.

"Kwa nini?"

Hapo ndipo alipokwama. Alikuwa amejiandaa kwa mengine yote, hili la sifuri aliliona dogo mno. Sifuri mara kitu chochote ni sifuri, nani asiyejua? Akaiangalia karatasi ya ukutani. Haikuwamo. Nyuma kuna aliyecheka, na Miwani akageuka akamkata jicho.

Zamani, hapo angesema ni kanuni. Mdomo ulishafunguka. Alifikiria chumba kisicho na upana, ambacho hakihitaji kigae hata kimoja, lakini huo nao ulikuwa mfano. Mtu akakohoa, mwingine akaanza kufunga begi lake. Kwa miaka yote ya kazi Mwalimu Kanuni hakuwahi kusimama mbele ya darasa bila jibu, na alishangaa kuona kwamba hakuui mtu. Alijiuliza mwenyewe, kwa sauti ndogo, "Sifuri ni nini hasa? Ukiijumlisha na kitu, kitu hakibadiliki. Hata ukiijumlisha na yenyewe."

Mkono ukaanza kuandika. Sifuri ni sifuri kujumlisha sifuri. Basi hasi moja mara sifuri ni hasi moja mara sifuri, kujumlisha hasi moja mara sifuri. Kitu kimoja upande huu, vitu viwili vya aina ile ile upande ule. Toa kimoja kila upande. Kulia kinabaki kimoja, kushoto sifuri. "Kwa hiyo hasi moja mara sifuri ni sifuri," alisema. Akarudi juu, akamaliza. Hasi moja mara hasi moja ni kitu ambacho ukikijumlisha na hasi moja unapata sifuri. Akaongeza moja kila upande, kitu kile kikabaki peke yake, na kilikuwa moja.

"Na kama si moja? Kama ni mbili mara tatu, hasi zote?" aliuliza mmoja wa nyuma.

"Njia ni ile ile, mwanangu. Badala ya moja andika herufi, uone."

Safari hii hakupiga mstari chini ya jibu. Aliiweka chaki mahali pake akasubiri.

Kwa Nini aliandika kwenye karatasi yake. "Hamsini na mbili," alisema. Ya kufaulia ilikuwa hamsini. "Umechukua dakika arobaini, na umesema 'nani asiyejua' kwa sauti, nimekusikia. Lakini umefaulu." Darasa lilipiga makofi, Miwani akapiga na meza. Kisha mhadhiri akauliza swali ambalo halikuanza na kwa nini, na waliokuwapo wakatazamana. "Hicho kigae alikuonesha nani?"

"Mwanafunzi wangu," alijibu Mwalimu Kanuni.

Alipotoka nje sakafu ilikuwa imekwisha. Mbao zimeondolewa, vigae vinameremeta, na kule mlangoni gari dogo la mizigo lilikuwa limewasha injini, vibarua wakipakia ndoo. Fundi alikuwa wa mwisho, ameinama kwenye karai karibu na ngazi, anaosha mwiko. Mwalimu Kanuni alikwenda mbio kwa kadiri magoti yalivyomruhusu, kisha akayapiga yale magoti chini, kando ya ile kona iliyoachwa bila kigae, mbele ya watu.

"Mwalimu, utachafuka."

"Nisikilize. Darasa la saba nilikuandikia huna uwezo. Haikuwa kweli. Uliniuliza kitu nilichokuwa sikijui, na badala ya kusema sijui nikakutoa nje. Nimekosa. Naomba unisamehe."

Fundi aliendelea kuosha mwiko, ingawa ulikuwa umeshatakata. Mwalimu akatoa daftari, akamwonesha: kumi toa moja, mara kumi toa moja. Mia. Toa kumi. Toa kumi. Akamwonesha lile neno la mwisho, akamgusia nafasi ya kigae cha kona iliyokuwa kando yao.

"Hiki," alisema. "Hasi mara hasi ni hiki. Jibu la swali lako ulimweleza kibarua wako wiki iliyopita nikiwa nimekaa pale. Mimi nimefaulu mtihani leo kwa jibu hilo."

Fundi aliitazama ile kona. Dereva akapiga honi, hakugeuka.

"Kwa hiyo lile swali halikuwa la kijinga," alisema mwishowe.

"Lilikuwa bora kuliko yote niliyofundisha mwaka ule."

"Baba amekufa anajua mimi sina kichwa." Aliyasema kwa utulivu, kama anayetoa taarifa. Kwa hilo hakukuwa na makubaliano yoyote ukutani. Machozi yalimtoka Mwalimu Kanuni na hakuyaficha.

Fundi aliufuta mwiko kwenye suruali, akauweka ndani ya ndoo. "Kalamu unayo?"

"Ninayo."

"Niandikie ripoti nyingine. Huyu wa darasa la tano nimemwambia ni ukoo. Nikirudi na maneno matupu hataniamini, amenizoea."

Mwalimu Kanuni alichana ukurasa. Akaandika jina, akaandika darasa la saba, akaandika tarehe ya leo. Chini yake, kwa mwandiko wake mzuri wa mwalimu wa shule ya msingi, akaandika: "Hisabati: ana uwezo." Akatia saini, akapiga mstari mara mbili, akamkabidhi.

Fundi alisoma. Alisoma mara ya pili, midomo ikicheza. Kisha akainua macho, na Mwalimu akamwona yule mtoto wa karibu na mlango, mkono juu.

"Mwalimu, mbona hujaweka sababu?"

Honi ikalia tena, ndefu. "Msubiri fundi," kibarua mwenye kofia alimwambia dereva. Mwalimu Kanuni aliichukua karatasi, akaketi vizuri sakafuni na mgongo ukutani, akaandika "kwa sababu," akaanza mstari wa kwanza.